Kwa nini mama anapigwa na bado anabaki

Ni miaka 8 tangu nilipotoka katika nyumba ambamo nilikuwa napigwa. Tangu wakati huo swali moja limenifuata kwenye mikutano, kwenye matanga na hata kwenye soko la Kadutu, na mara nyingi linatoka kwa wanawake wenzangu: "Mama, ulikaa pale miaka 11 ukingoja nini?" Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini yule bwana alipiga miaka 11. Lakini najua kwamba kati yenu mnaouliza, wengine mnauliza kwa ajili yenu wenyewe. Kwa hiyo nitajibu.

Kwanza, hakuna mwanamke anayeolewa na mtu anayempiga. Mimi niliolewa na kijana mchekeshaji, aliyembebea mama yangu gunia la muhogo bila kuombwa. Kofi la kwanza lilikuja nikiwa na mimba ya miezi 5, kwa sababu nilichelewa kurudi kutoka kwa dada yangu. Kesho yake alilia, akapiga magoti, na mwisho wa juma akaniletea kikwembe kipya. Mlango wa kwanza wa kubaki ni huo. Unamngoja yule kijana wa mwanzo arudi, na kweli anarudi, siku tatu, mwezi mmoja, halafu anapotea tena. Kila anaporudi unasema, sasa imekwisha.

Pili, mahari. Kwetu Bashi mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hawakai wakikungoja. Wangu walitumika kumwolea kaka yangu. Siku niliyorudi kwa baba na jicho limefunga, alinipa chakula, akaniacha nilale usiku mbili, halafu akamwita shangazi anirudishe. Baba hakunichukia. Alijua kwamba nikibaki, wakwe watadai ng'ombe wao, na ng'ombe wenyewe wamekuwa mke wa kaka na wajukuu wake. Mimi nikiachika, nyumba mbili zinatikisika. Msichana anajua hesabu hiyo bila kufundishwa, ndiyo maana wengi hawarudi kwa wazazi hata mara ya pili.

Tena watoto. Kwa desturi yetu watoto ni wa ukoo wa baba. Shangazi alinikumbusha njiani: "Ukitoka, utatoka peke yako." Nilikuwa na watoto 3, wa mwisho akinyonya. Niambieni, ni mama gani anayefunga mizigo yake akisikia maneno hayo?

Tatu, pesa. Nilikuwa nauza sambaza. Kila mtaji ulipofika kiasi cha kunipangishia chumba, aliuona na kuuchukua, mara kwa deni lake, mara kwa pombe. Kiwanja kiliandikwa jina lake. Na msisahau sheria ilivyokuwa. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria: kuingia mkataba, kununua ardhi, kwenda mahakamani. Mlinzi wa mlango alikuwa ni yule yule anayekupiga. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya Julai 2016, ingawa sheria hiyo bado inamwita mume kichwa cha nyumba. Wamama wengi hawajasikia kwamba ruhusa imeondolewa, na wakubwa wengine kwenye maofisi wanaendelea kuwauliza, "Bwana yako yuko wapi?"

Nne, mashauri. Nilikwenda kwa viongozi wa kanisa, nikaenda kwa mama aliyesimamia ndoa yetu. Wote waliniambia ndoa ni kuvumilia, na mwanamke mwenye akili anafunika siri za nyumba. Walinisomea barua ya Paulo kwa Waefeso, sura ya 5, pale wake wanapoambiwa watii. Hawakushuka mistari michache zaidi, pale waume wanapoambiwa wapende wake zao kama miili yao wenyewe. Mtu akiambiwa na baba, na shangazi, na kanisa kwamba ubaya ni wa kwake, anaanza kuamini. Nilianza kujichunguza: labda chumvi ilizidi, labda nilijibu vibaya.

Tano, na hili ni la Kivu yetu. Wakati wa vita dunia nzima ilikuja kuangalia mateso ya wanawake wetu. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa hapa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, imetibu maelfu, naye akapewa Nobel ya Amani mwaka 2018. Tunashukuru. Lakini katika fikra za wengi kukabakia wazo kwamba mateso ya kweli ni yale ya mwenye silaha porini. Mama anayepigwa na baba wa watoto wake aliambiwa, "Wewe una bahati, una bwana." Nilisikia neno hilo kwa masikio yangu, na nikaona aibu kulalamika.

Sita, woga. Aliniambia nikitoka atanipata. Watu wanaofanya kazi na wanawake waliopigwa wanajua kwamba siku za kuondoka ndizo za hatari kuliko zote, kwa sababu mpigaji anaona mali yake inamtoka. Kwa hiyo mama anayebaki usimwite mjinga. Mara nyingi anapima, kila jioni, njia ipi itamwacha hai.

Sasa tuseme yaliyo chini ya hayo yote. Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika nchini mwetu mwaka 2013 na 2014, wanawake 3 kati ya 4 walisema kuna sababu inayompa mume haki ya kumpiga mke, hata ikiwa moja tu: kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, kumkatalia kitandani. Wanaume waliosema hivyo walikuwa wachache kuliko wanawake. Wamama, tulijifunza wapi? Tulijifunza nyumbani. Msichana anachota maji kaka yake akisoma. Pesa za shule zikipungua, msichana ndiye anayekaa. Mvulana akilia anaambiwa asilie kama mwanamke. Mtoto anayesikia hayo miaka 15 hahitaji mwalimu wa kumfundisha kwamba mwanamke ni mtu nusu. Mvulana anakua akijua anaweza kumpiga, na msichana anakua akijua anaweza kupigwa.

Mimi niliona matunda yake kwenye meza yangu. Mtoto wangu mkubwa alikuwa na miaka 9 alipomtupia dada yake sahani kwa sababu bugali ilipoa. Maneno aliyosema yalikuwa ya baba yake, neno kwa neno. Msichana hakulia. Aliokota sahani, akaomba msamaha. Kwa miaka mingi niliambiwa nivumilie kwa ajili ya watoto. Siku hiyo niliona watoto walikuwa wanajifunza nini kutokana na uvumilivu ule.

Aliyenisaidia kutoka ni jirani, muuza makala. Hakuniuliza kwa nini nabaki. Aliniambia tu, "Ukiwa na kitu cha kuficha, nitunzie mimi." Kidogo kidogo nilimpelekea vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi ya hospitali iliyoandikwa siku nilipovunjika kidole, na pesa za sambaza, franka kwa franka, miezi 7. Bwana alipokwenda Kamituga kutafuta dhahabu, niliondoka asubuhi na watoto 3. Mambo ya watoto tuliyapeleka kwenye Tribinali ya Amani, na zile karatasi ndizo zilizonisemea. Ingekuwa neno langu tu, ningeshindwa.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa vikundi vyetu.

La kwanza ni juu ya MUSO zetu. Sanduku la kijani tunalijua, ni la akiba na mikopo. Sanduku jekundu ni la shida: ugonjwa, kifo, moto wa nyumba. Ninaomba kila kikundi kiandike katika kanuni zake kwamba mama anayekimbia kipigo naye anasaidiwa na sanduku jekundu, na kwamba anayejua jambo hilo ni mwenyekiti na mtunza pesa peke yao. Ingetosha nauli na kodi ya chumba ya mwezi mmoja. Pesa kidogo namna hiyo ilinichukua miezi 7 kuificha.

La pili, kila mama amwonyeshe mwenzake umuhimu wa karatasi. Ukiumizwa, nenda kituo cha afya na omba waandike walichoona. Ukilazimishwa kitandani, hata na bwana, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kukinga ukimwi zinafaa ndani ya muda huo. Na vyeti vya watoto viwe mahali unapoweza kuvifikia usiku.

La tatu halina gharama. Akija kwako mwenzako amevimba uso, usimpe mashauri ya ndoa, na usimlazimishe kuondoka leo, maana hujui amepima nini. Muulize, "Unahitaji nikutunzie nini?" Akirudi kwa bwana, usimkasirikie. Mimi nilirudi mara 4, na jirani yangu hakufunga mlango hata mara moja.

Mkutano wa kanuni za MUSO ni mwezi ujao. Naomba neno la sanduku jekundu lizungumzwe kabla ya mambo mengine, tungali wengi na hatujaanza kuaga kwenda kupika.