Steringi ni Nani?

Jumamosi ya kwanza, saa tano kasoro dakika chache usiku, nilikuwa nimekaa mkekani chumbani kwangu Tanga, hedifoni masikioni, simu nimeiegemeza kwenye kopo la maziwa. Mdogo wangu anayeishi Hamburg alikuwa amenibembeleza miezi mitatu nijiunge na kundi lao la wapenzi wa sinema za kale za mazimwi. Kila mmoja anakuwa na filamu kwake, wote mnaungana kwa simu ya mtandaoni, mkubwa wenu anahesabu tatu, mbili, moja, kila mtu anaiwasha papo hapo. Baada ya hapo ni ruhusa kusema neno wakati wowote.

Tulikuwa saba. Kwao Ujerumani ilikuwa saa tatu usiku. Dada mmoja wa Guadalajara, Mexico, ndio kwanza alikuwa ameondoa vyombo vya chakula cha mchana, na kijana wa Tokyo alikuwa ameamka kabla ya mapambazuko. Aliyehesabu ni mzee wa Lübeck, mwalimu mstaafu. Sauti yake ilipotoka gizani na wenzake wakaitikia kila mmoja kutoka kwao, nilimkumbuka bibi akisema "Paukwa!" nasi watoto tukijibu "Pakawa!" Hapo hofu ya ugeni ikanitoka.

Mimi sinema nilizijulia kibanda umiza: mabenchi ya mbao, joto, mtafsiri anapaza sauti juu ya sauti ya mkanda, na mtoto aliyechelewa kuingia anauliza kwanza, steringi nani? Ukishamjua steringi roho inatulia, maana steringi hafi. Nikaingia na swali hilo hilo.

Tulianza na Nosferatu, ya mwaka 1922, ya mwongozaji F. W. Murnau. Haina sauti za watu. Maneno yanaandikwa kwenye kadi katikati ya picha. Dakika ishirini za kwanza nilihangaika, nikawa nasubiri mtafsiri aingie kati. Kisha Max Schreck akatokea, yeye ndiye Count Orlok, nami nikasahau kuwa hakuna anayezungumza. Ana upara, masikio yamechongoka kama ya popo, meno mawili ya mbele yamekaa kama ya panya buku, na kucha ndefu kiasi kwamba mikono yake haijui pa kujiweka. Kuna mahali anapanda ngazi na sisi tunaona kivuli tu, kivuli kinachonyoosha vidole kuelekea mlangoni. Kwetu Tanga, umeme ulipokatika, babu alikuwa akitutengenezea vivuli vya sungura na mbwa ukutani kwa mwanga wa koroboi. Ni ufundi ule ule, ila huyu kaufanya mpaka nikavuta shuka mpaka kidevuni.

Mzee wa Lübeck alituambia kuwa nyumba anayohamia Orlok ni maghala ya zamani ya chumvi ya mji wake, na yeye hupita hapo akienda sokoni. Akatueleza pia kwamba filamu hii ilitengenezwa kutokana na kitabu cha Bram Stoker bila idhini, mjane wake akashtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Zilizokuwa zimekwisha kuvuka mipaka ndizo zilizopona. Nilifurahi mno kusikia hivyo, kana kwamba kuna ndugu yangu amenusurika.

Wiki ya pili ilikuwa Dracula ya mwaka 1931, ya Bela Lugosi. Huyu hakunitisha. Amevaa suti na joho, nywele zimelala kwa mafuta, anatembea kama bwana harusi anayejua anaangaliwa. Kilichonishtua ni wanyama. Katika ngome yake huko Transylvania, wakapita chini wanyama wenye magamba mgongoni, nikapiga ukelele, "Kakakuona!" Wote wakanyamaza. Nikawaeleza kwamba kwetu kakakuona akionekana ni habari ya kijiji kizima. Watu humwekea maji, nafaka na jembe, wangoje aende kwenye kipi, wapate kujua mwaka utakuwaje. Dada wa Guadalajara akacheka kwa furaha. Huyo si kakakuona, akasema, ni mnyama wa kwao Mexico, anayefanana naye tu, wala Ulaya hayupo kabisa. Akaongeza jambo ambalo kwake ni fahari: usiku, Lugosi na wenzake walipokuwa wamekwenda kulala, kundi jingine liliingia katika majengo yale yale na kutengeneza Dracula ya Kihispania, na Mmexico mwenzake Lupita Tovar ndiye binti wa filamu. Mama huyo aliishi mpaka mwaka 2016, akafariki akiwa na miaka 106.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Frankenstein, pia ya mwaka 1931, mwongozaji James Whale. Jina ni la daktari. Kiumbe mwenyewe hana jina, na katika majina ya mwanzoni, mahali pa mchezaji wake pamewekwa alama ya kuuliza. Mchezaji ni Boris Karloff. Fundi Jack Pierce alimpamba uso kwa karibu saa nne kila siku: paji bapa la juu, kope nzito, mishono, vyuma shingoni. Nikamwona, nikajisemea, huyu ndiye zimwi wangu wa utotoni hasa. Zimwi la hadithi zetu halina mama, halilii, linakula watoto, na likifa tunapiga makofi.

Kisha akafika ziwani. Kuna mtoto wa kike anaitwa Maria, anacheza peke yake. Hamkimbii. Anampa ua, anamfundisha kurusha maua majini yaelee kama mashua. Yule kiumbe anatabasamu, na mikono ile mikubwa inashika ua kwa uangalifu kama mtu anayeshika yai. Maua yanakwisha. Anatazama mikono mitupu, anamtazama mtoto, anamnyanyua na kumrusha majini, naye hamwoni akielea. Anapapasa maji. Anaondoka amechanganyikiwa.

Mdogo wangu akasema kipande cha kumrusha kilikatwa na wakaguzi, na kwa karibu miaka hamsini watazamaji waliona mikono ikimwendea mtoto tu, kisha baba akipita mjini na maiti. Waliobaki kukisia walikisia mabaya zaidi ya yale. Nadhani waliokata walimkosea kiumbe yule kuliko daktari aliyemshona.

Halafu mji mzima ukatoka na mienge na mbwa. Hapo sikuweza kusema neno. Nilipokuwa darasa la nne, niliwahi kukimbia nyuma ya umati uliokuwa ukipiga kelele za "mwizi!" Alichoiba sikumbuki. Nakumbuka nilifika nyumbani na jiwe mkononi, mama akaniuliza la nini. Kinu cha upepo alimokimbilia kiumbe kilipowaka moto naye kubaki ndani akilia, nikauliza kwa Kiingereza changu: jamani, katika filamu hii steringi ni nani? Ilibidi mdogo wangu awaelezee neno. Walibishana mpaka saa nane usiku wa Tanga. Kijana wa Tokyo alisema ni yule aliyeungua. Mzee hakukubali, kwake steringi ni Maria, kwa kuwa yeye peke yake hakuogopa.

Wiki ya nne ilikuwa The Mummy, 1932, Karloff tena, amefungwa vitambaa kama sanda. Nilipotamka jina la filamu ulimi ukanikumbusha neno la nyumbani: mumiani. Tukachimba pamoja. Waajemi walikuwa na neno la nta, likazaa jina la lami iliyotumika kama dawa, Waarabu wakalichukua, Wazungu wakalipa maiti za Misri. Mzee akakiri kwamba kwa karne kadhaa maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti hizo, na watu wakaunywa. Kwetu mumiani ilikuwa dawa kwanza, baadaye likawa jina la watu wanaovizia usiku kunyonya damu ili waitengeneze. Bibi alituita ndani kabla ya magharibi kwa sababu yao.

"Anafananaje?" akauliza dada wa Guadalajara.

Sikuwa na jibu. Asubuhi nikampigia mama mkubwa Pangani.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza: yule mumiani waliyemwogopa alikuwa na sura gani? Meno? Kucha? Akakaa kimya kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Sura gani tena? Mtu tu, mwanangu. Kavaa shati."