Mashua ya Ami

Matondoni, Jumamosi 13 Januari 2024
Leo tumeitoa mashua ya ami kwenye tope la mikoko. Tangu aache bahari haikuguswa. Fundi hakutazama rangi wala mlingoti. Aliingia ngamani akachokoa mbao kwa ncha ya kisu. Chini, kisu kiligonga kikarudi. Karibu na fashini, maji ya mvua yalikokuwa yakituama, kikazama mpaka mpini. "Maji ya chumvi hayaozeshi mbao, mwanangu. Ni haya ya mvua."

Ijumaa 26 Januari
Mataruma mabovu yametoka. Mapya ni ya mkoko, vipande vilivyojipinda vyenyewe mtini. Fundi anavipunguza kwa tezo tu mpaka vilalie ubao. Kila msumari unatobolewa njia kwanza kwa keekee, kisha unazungushiwa uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa ndipo upigwe, maji yasipate pa kupenya.

Alhamisi 8 Februari
Kalafati. Pamba inasokotwa, inalowekwa mafuta ya nazi, inashindiliwa kati ya mbao kwa patasi butu. Fundi hatazami, anasikiliza: nyundo ikibadili mlio, hapo pameshiba. Binamu yangu anasema tuifunike yote kwa faiba tupumzike. Fundi amekataa: unyevu ukishanaswa ndani ya mbao kuukuu, zitaoza hakuna anayeona.

Jumamosi 24 Februari
Tumewasha makuti chini ya tumbo la mashua kuua wadudu watoboao mbao, kisha tukapaka deheni ya shahamu na chokaa kwa mikono. Sehemu ya juu ya maji imepakwa mafuta ya sifa. Harufu haijanitoka hata baada ya kuoga. Jarari mpya, foromali ya zamani. Tanga limetiwa viraka.

Jumatatu 11 Machi
Tumeishua kwa bamvua, kabla Ramadhani haijaingia. Ilivuja, kama alivyosema fundi. Tumefua maji mpaka Alasiri, mbao zikanywa zikavimba, zikaanza kubana. Ami amekagua usukani, kisha akauliza itabeba nini wiki ijayo. Nimemjibu: mchanga wa ujenzi, kwenda Lamu mjini.

Ndivyo ipasavyo. Chombo kinachofanya kazi hupandishwa pwani kila baada ya miezi michache, kikachomwa na kupakwa deheni upya, na ubovu ukaonekana ungali mdogo. Mwenye mashua ya mbao asiye na mtu wa kuitia kazini, heri aiuze leo, ingali na mbao za kuokoa.