Protini Niliyomfasiria Mama

Mwezi wa Machi mwaka 2024 nilimsindikiza mama kwenye kliniki ya kisukari katika hospitali moja ya pwani. Daktari alikuwa hodari wa Kiingereza na mnyonge wa Kiswahili. Mama ni kinyume chake. Nami, mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ya Kiswahili, nilijiona nimefika mahali pa kuifaidi elimu yangu.

Mama alikuwa amejiandaa. Kwa siku tatu alijinyima chai ya sukari na mahamri, na alipotobolewa kidole, sukari yake ilikuwa ya kuridhisha. Lakini kipimo cha pili, kile cha himoglobini iliyonatwa na sukari, kilionyesha asilimia 9.6, ilhali alikuwa amewekewa lengo la chini ya 7. Daktari akaeleza kwa upole kwamba sukari iliyozidi huharibu protini za mwili, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya macho kufifia na nyayo kufa ganzi. Nikafasiri bila kusita: "Mama, daktari asema sukari yako inaharibu protini." Akaitikia kwa kichwa, nami nikaona kazi imekwisha.

Mwezi mmoja baadaye nilirudi nyumbani nikamkuta anakula mahamri matupu. Mbaazi za nazi hazikuwapo. Mayai, maharagwe na samaki navyo alikuwa amevipiga marufuku. "Si ulisema protini zinaharibika humu ndani, mwanangu? Vya kuharibika nivile vya nini?" Na kwa kuwa tumbo halikubali kukaa tupu, nafasi ya mbaazi ilijazwa na hamri la tatu na la nne.

Kosa lilikuwa langu. Neno protini lilimfikia mama miaka mingi iliyopita, kutoka kwa wauguzi wa kliniki ya watoto, likiwa na maana ya chakula cha kujenga mwili. Mimi nililitumia kwa maana ya vile vijenzi vidogo mno ambavyo mwili hujiundia wenyewe. Sisi wa fasihi hupenda kuwaachia wanaisimu suala la istilahi, tukidhani ugumu wake ni kukosekana kwa neno. Hapa neno lilikuwapo. Ila lilikuwa na mwenyewe tayari.

Nikarudi vitabuni. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Sukari iliyomo damuni huinata polepole, pasipo kusaidiwa na kimeng'enya chochote, na kadiri inavyozidi ndivyo inavyonata zaidi. Mwaka 1968 Samuel Rahbar, mtafiti wa Tehran nchini Iran, aliarifu kwamba ameona himoglobini isiyo ya kawaida katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Kipimo kilichomfichua mama kina asili yake hapo. Chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120, hivyo hutunza habari za miezi miwili mitatu. Siku tatu za kujinyima haziwezi kuzifuta.

Himoglobini angalau hufa ikabadilishwa. Balaa kubwa ni kwa protini zinazodumu: kolajeni ya kuta za mishipa, na protini za lenzi ya jicho, ambazo baadhi yake mtu huzaliwa nazo akazikwa nazo. Mwanzoni sukari iliyonata yaweza kubanduka. Ikikaa sana hubadilika umbo, na mwishowe huzifunga pamoja protini zilizokuwa huru. Mishipa hukakamaa, kuta za vichujio vya figo hunenepa na kuanza kuvujisha, lenzi huingia ukungu. Isitoshe, seli zina vipokezi vinavyozitambua protini hizo mbovu, na zikishazitambua huchochea uvimbe unaozidi kuiumiza mishipa. Sukari ina njia nyingine pia za kudhuru. Hii ndiyo niliyoulizwa.

Haya yote sikumwambia mama. Nilingoja siku ya kuchoma mahamri, nikamwonyesha rangi ya kahawia ikiingia. Mwaka 1912 Mfaransa Louis Camille Maillard alieleza jinsi sukari na asidi za amino, ambazo ndizo matofali ya protini, zinavyogeuka kahawia zikipashwa moto pamoja. Nikamwambia jambo kama hilo linatendeka mwilini mwake.

"Mwilini mna moto gani?"

"Mdogo, mama. Lakini hauzimwi miaka nenda miaka rudi."

Akanyamaza akigeuza mahamri. "Basi ni ukoko," akasema. "Wali wa juu wapakuliwa, wa chini umeshika sufuria."

Ukoko! Nilikuwa nimehangaika wiki nzima na viambishi vya kuundia istilahi, na neno lilikuwa jikoni.

"Na ulioshika tayari?" akauliza.

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, lakini ukoko wa mishipa hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuukwangua. Nikamweleza kuhusu utafiti uliotangazwa mwaka 1993, uliofanyiwa wagonjwa 1,441 huko Marekani na Kanada: waliodhibiti sukari barabara walipungukiwa sana na madhara ya macho, figo na neva. Wao walikuwa na kisukari cha aina ya kwanza, si kama chake, na hilo pia nilimwambia.

Kesho yake mbaazi zilirudi sahanini. Hamri lilikuwa moja.