Waliofichwa Katikati ya Umati

Sisi wazee tuna tabia ya kusifia rika letu. Leo niacheni nisifie rika lisilo langu: waongozaji wasaidizi wa Marekani, wale wa enzi za filamu bubu, ambao mara nyingi hata majina yao hayakuandikwa kwenye filamu walizozitolea jasho.

Chuo hawakukiona. D. W. Griffith alipotengeneza Intolerance, iliyotoka 1916, wasaidizi wake walikuwa watu wa kila kazi. George Siegmann alikuwa mwigizaji. Joseph Henabery, mwaka mmoja tu nyuma, alikuwa ameigiza Rais Lincoln. Leo mtu anapakwa rangi usoni, kesho anapanga umati wa Babeli juani: nani apande ukutani, nani aanguke, nani ale saa ngapi. Maana mtu mwenye njaa hapigani vita ya kuigiza hata umlipe.

Mwaka 1925, mbio za magari ya farasi za Ben-Hur zilipopigwa picha Culver City, wasaidizi walichukuliwa wengi kwa mpigo. Mmoja alikuwa kijana wa kutoka Alsace, William Wyler. Alivishwa vazi la Kirumi, akafundishwa ishara, akachomekwa katikati ya watazamaji. Ikitolewa ishara, anawainua watu wake washangilie; ikija nyingine, anawakalisha. Ukiitazama filamu humjui yupi. Mwaka 1959 Wyler huyohuyo akaongoza Ben-Hur mpya, ikazoa tuzo 11 za Oscar. Watu hukumbuka hizo 11. Mimi nakumbuka lile vazi.

Lakini sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi ya msaidizi ni kuona amri ya mkubwa inatimia, na zipo amri ambazo hazikustahili kutimia. Katika The Charge of the Light Brigade ya 1936, farasi waliangushwa kwa nyaya wakiwa mbioni, baadhi wakafa. Filamu hiyohiyo ndiyo iliyompa Jack Sullivan Oscar ya mwongozaji msaidizi. Sisemi nyaya zilikuwa zake. Nasema shughuli kubwa kama ile haiendi bila ratiba, na ratiba ni kazi ya wasaidizi.

Naam, Oscar yao ilikuwepo. Mara ya kwanza walipewa watu saba kwa pamoja, kisha ikafutwa baada ya filamu za 1937. Miaka mitano, basi! Wapo wanaoona hiyo ni dharau. Mimi naona walipata kilicho bora: mwaka huohuo wa 1937 chama cha waongozaji, kilichoanzishwa 1936 na kina King Vidor, kiliwafungulia mlango. Wenye studio walivutana nacho hadi 1939 ndipo wakakubali mkataba. Mpaka leo, huko Marekani, msaidizi na mwongozaji wake wamo katika chama kimoja.