Kabla binti wa Bulwa hajapanda ndege ya Muscat

Bulwa iko juu, Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza. Wageni wengi wakisikia Usambara huwaza Lushoto, lakini Lushoto iko upande wa pili wa bonde la Lwengera, kwenye safu nyingine ya milima. Huku ni nchi ya chai na msitu. Eneo la Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na asubuhi nyingi ukungu hukaa juu ya majani ya chai hadi jua lipande. Wanaochuma huondoka nyumbani mapema, na wanaolima hutegemea viungo: karafuu, mdalasini, pilipili manga, na zaidi ya vyote iliki, inayopenda kivuli cha miti mikubwa.

Iliki ndiyo iliyoifungulia milima hii njia ya kwenda mbali. Hushuka Muheza kwa magunia, ikafika Tanga, kisha ikapotelea mikononi mwa wafanyabiashara. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, nchini Oman, mgeni hapokelewi bila kikombe kidogo cha kahawa, na kahawa hiyo haikamiliki bila iliki.

Lakini siku hizi kinachoshuka kutoka milimani si magunia peke yake. Kilimo cha iliki ndani ya msitu kimebanwa tangu Amani ilipotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na mshahara wa kuchuma chai kila mmoja anaujua. Ndipo anapotokea shangazi wa jirani, au kijana mwenye simu nzuri, akisema kuna kazi Uarabuni, tiketi bure, chakula bure, kulala bure.

Swali la kwanza la mzazi liwe hili: Uarabuni ipi? Neno hilo hubeba nchi nyingi zenye sheria tofauti. Saudi Arabia ni moja, Falme za Kiarabu ni nyingine, Qatar ni nyingine. Kwa Watanzania wengi wanaokwenda kufanya kazi za ndani, jibu huwa ni Oman.

Oman imekaa pembe ya kusini mashariki ya bara Arabu, ikipakana na Saudi Arabia, Yemen na Falme za Kiarabu. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 310,000, yaani kama theluthi moja ya Tanzania, na sehemu kubwa ni jangwa na changarawe. Muscat, mji mkuu, hupata kama milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, na kuanzia Mei joto la mchana hupita nyuzi 40. Binti aliyezoea kulala na blanketi Bulwa atafikia kwenye nyumba ambayo kiyoyozi hakizimwi.

Si jangwa tupu, hata hivyo. Kusini, karibu kilomita 1,000 kutoka Muscat, kuna Salalah, ambako kati ya Juni na Septemba upepo wa bahari huleta manyunyu na ukungu hadi vilima vikawa kijani, na Waarabu kutoka nchi jirani huenda huko kupumzika. Na ndani ya nchi kuna Jabal Akhdhar, maana yake mlima wa kijani, ambako vijiji vilivyo karibu meta 2,000 juu ya bahari hulima makomamanga na mawaridi kwenye matuta yanayoshuka ngazi kwa ngazi. Mtu wa Lushoto angeyatambua matuta hayo. Maji yake huletwa na mifereji ya kale iitwayo falaj, na kila shamba lina zamu yake ya kupata maji.

Umbali huo una maana kwa mzazi. "Yuko Oman" haitoshi kujua mtoto yuko wapi. Muscat kuna ubalozi wa Tanzania. Aliyepelekwa Salalah yuko mbali nao kuliko Bulwa ilivyo mbali na Dodoma.

Utajiri wa nchi hiyo ni wa juzi tu. Hadi mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na kama kilomita 10 za barabara ya lami na shule chache za kuhesabika kwa vidole. Malango ya Muscat yalifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo alitakiwa abebe taa. Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, lakini Sultani Said bin Taimur aliogopa kuyatumia mapato yake haraka. Tarehe 23 Julai 1970 mwanawe, Qaboos, alimwondoa madarakani kwa msaada wa Waingereza. Ndipo zikaja barabara, hospitali na shule, kwa wavulana na wasichana. Qaboos alitawala miaka karibu 50, hadi alipofariki Januari 2020.

Leo Oman hutoa kama mapipa milioni moja ya mafuta kwa siku, pamoja na gesi. Ni kidogo ukilinganisha na Saudi Arabia, lakini raia wenyewe si wengi. Wakazi ni milioni tano na ushee, na karibu wanne katika kila kumi ni wageni, wengi wao kutoka Bangladesh, India na Pakistan. Sehemu kubwa ya kampuni kuu ya mafuta, PDO, ni ya dola, na kwa miaka mingi serikali imeishi kwa kuuza mafuta, si kwa kumkata raia mshahara. Kodi ya mapato ya mtu binafsi haikuwapo kabisa. Sheria ya kwanza ya kodi hiyo imetungwa mwaka 2025 na itaanza kutumika mwaka 2028, tena kwa wenye kipato kikubwa tu.

Kwa maneno ya nyumbani: serikali ndiyo inayomgawia raia, naye raia ana uwezo wa kuajiri. Ndiyo maana familia ya kawaida ya mwalimu au askari huweza kuwa na mfanyakazi wa ndani kutoka ng'ambo. Na ndiyo maana mstari kati ya raia na mgeni umechorwa kwa wino mzito. Mgeni yuko pale kwa ajili ya kazi. Kazi ikiisha, na kibali kimeisha.

Mtawala ni Sultani. Tangu Januari 2020 ni Haitham bin Tariq, binamu yake Qaboos. Yeye ni mkuu wa nchi na waziri mkuu pia, na sheria hutoka kwa amri yake. Lipo Baraza la Shura ambalo wananchi huchagua wajumbe wake. Mwaka 2023 walipiga kura kwa simu za mkononi kupata wajumbe 90. Baraza hilo hujadili na kushauri, lakini vyama vya siasa haviruhusiwi. Chini yake kuna mikoa, na chini ya mikoa kuna wilaya, kila moja na wali wake.

Mswahili hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Wilaya ni ile ile wilaya, na wali ndiye aliyekuwa liwali wa pwani yetu. Katika miaka ya 1830 Sultani Said bin Sultan wa Oman alihamishia makao yake Unguja, na maliwali wake wakakaa Tanga na Pangani. Milimani hawakufika kutawala. Huko alikuwapo Kimweri wa Vugha, ambaye neno lake lilisikika hadi pwani. Said alifariki mwaka 1856, wanawe wakagombania urithi, na mwaka 1861 Oman na Zanzibar zikatenganishwa rasmi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Zanzibar, na baada ya 1970 Qaboos aliwafungulia mlango watu waliosoma, naye alikuwa na shida ya wasomi.

Ndiyo sababu Muscat leo unaweza kusikia Kiswahili sokoni, na bibi wa makamo akikaanga mandazi huku akikumbuka Ng'ambo au Wete. Na hiyo ndiyo sababu moja ya kutafutwa kwa mabinti wa Kitanzania: watoto wataelewana na dada, na bibi atapata mtu wa kuzungumza naye. Madalali hulitumia sana jambo hili. Watakaa na watu wao, huwaambia wazazi, watu wa lugha moja.

Lugha kweli ni moja. Hadhi mbele ya sheria si moja, na hapo ndipo mzazi anapopaswa kusimama na kuuliza.

Mgeni anayefanya kazi Oman huingia kwa jina la mwajiri wake, yaani kafili. Kibali cha kukaa kimefungwa kwenye jina hilo. Akitoka nyumba ile bila ruhusa, kafili anaweza kumripoti kuwa ametoroka, na aliyekimbia mateso akajikuta yeye ndiye mkosaji. Oman ilipitisha sheria mpya ya kazi mwaka 2023, lakini wafanyakazi wa ndani wamewekwa nje yake na wana kanuni zao peke yao. Mwajiri haruhusiwi kushika pasipoti ya mfanyakazi. Lakini katika ripoti ya mwaka 2017 ya shirika la Human Rights Watch, lililozungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa. Wengi walieleza saa za kazi zisizo na mwisho na mishahara iliyokatwa. Wapo pia waliosema walipata nyumba nzuri na mishahara yao ikalipwa kwa wakati. Tofauti ilitegemea mno bahati ya mlango uliogongwa.

Bulwa, binti akipata shida, huanza kwa jirani, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji. Ndani ya nyumba ya Muscat hakuna mwenyekiti wa kitongoji. Kuna geti, na kuna simu kama haijachukuliwa.

Kwa hiyo karatasi huja kabla ya tiketi. Mkataba uwe umepitia ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira, na ubalozi ujue jina la mwajiri na mtaa anakoishi. Uonyeshe mshahara kwa rial, siku ya mapumziko na nani anayelipa nauli ya kurudi. Viza iwe ya kazi. Binti anayeondoka kwa viza ya matembezi, au kwa kuzungushwa nchi jirani ili kukwepa ukaguzi, hayumo kwenye daftari la mtu yeyote. Nakala ya pasipoti, ya viza na ya mkataba zibaki kwa mama, si kwa dalali. Namba ya dharura ya polisi wa Oman ni 9999. Aijue kwa kichwa, kwa kuwa namba iliyo ndani ya simu huenda na simu.

Oman iko mbele kwa saa moja. Saa mbili usiku ya Bulwa ni saa tatu usiku ya Muscat, na nyumba nyingi huko hula chakula cha usiku wakati huo, ikiwa na maana kwamba dada yuko jikoni. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko, lakini wageni hujaa nyumbani na kazi huongezeka. Ni vizuri siku na saa ya kupiga simu ikubaliwe kabla ya safari, ili simu isipopigwa wiki mbili mfululizo, nyumbani wajue ni jambo la kupeleka kwa mtendaji na ubalozini.

Na kwenye simu hiyo Kiswahili kinaweza kuwa tatizo. Bibi aliyezaliwa Unguja, aliyeketi sebuleni na kikombe cha kahawa ya iliki, anaelewa kila neno. Binti akiulizwa kama anatendewa vema atajibu ndiyo, kwa sababu anasikilizwa. Kishambaa na Kibondei bibi huyo hakujifunza. Mama akiuliza kwa Kishambaa kama iliki za nyuma ya nyumba zivunwe sasa au zisubiri, na wote wawili wakawa wamekubaliana mapema kwamba "zivunwe" ni njooni mnitoe, hakuna atakayegeuza kichwa sebuleni.