Gari lilifeli breki

Kuna sentensi moja nimeiandika mara nyingi kiasi kwamba naweza kuiandika hata nikiwa usingizini: "Chanzo cha ajali hiyo kinadaiwa kuwa ni gari kufeli breki." Kamanda anasema kwenye simu, mimi naandika, mhariri anapitisha, keshokutwa gazeti linafungia maandazi. Yamekwisha. Sijawahi hata siku moja kumuuliza mtu: zilifeli vipi?

Wiki mbili zilizopita nusura sentensi hiyo iandikwe kunihusu mimi.

Nilikuwa nashuka kutoka Kimara na Corolla yangu ya mwaka 1997, gari ambalo tunakaribia kulingana umri. Nyuma nimempakia mama mdogo na mwanawe, tunaelekea Kariakoo. Daladala iliyokuwa mbele ikasimama ghafla. Nikakanyaga breki, gari likavuta kulia, kuelekea njia ya mwendokasi. Tulisimama hatua chache tu kabla ya ukingo. Mama mdogo hakusema neno mpaka tulipofika Ubungo. "Mwanangu, tushushe hapa, sisi tutapanda mwendokasi."

Jamani, kauli ile iliniuma kuliko tusi.

Fundi wangu wa Gerezani aligusa tairi la mbele kulia, likamuunguza. Akafungua. "Mdogo wangu, kalipa hii imekufa. Pistoni imeota kutu, ikishabana haitaki kurudi." Kumbe ndiyo maana gari lilikuwa linakunywa mafuta, nami nikailaumu foleni!

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kalipa mpya halisi sikuiweza (mshahara wa mwandishi mnaujua). Dukani nikawekewa tatu mezani. Ya kwanza yuzidi kutoka Japani, imepakwa rangi ya fedha inang'aa. Ya pili "mpya", ndani ya boksi lenye nembo ya kampuni kubwa, lakini bei yake ya kutilia shaka. Ya tatu ni kuukuu iliyofanyiwa ovaholi kiwandani, bei yake juu kidogo ya ile yuzidi.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye yuzidi. Ya Japani, bwana! Fundi akacheka: "Rangi haishiki breki."

Akanieleza jambo ambalo nadhani kila mwenye gari kuukuu anapaswa kulijua. Yuzidi ni kalipa iliyotolewa kwenye gari lililokatwa, ikasafishwa nje. Ndani ina mipira ileile ya zamani na pengine kutu ileile niliyokuwa naikimbia. Iliyofanyiwa ovaholi vizuri imefunguliwa yote: chuma kimesafishwa, mipira imewekwa mipya, pistoni yenye vishimo vya kutu imebadilishwa, kisha imepimwa kwa presha kuona kama inavuja. Marekani na Ulaya biashara hii ni ya kawaida. Mteja anaweka amana, na akirudisha kalipa yake mbovu anarejeshewa, nayo inakwenda kutengenezwa upya.

Tatizo ni kwamba hata neno "ovaholi" linaweza kupakwa rangi. Kwa hiyo tukamuuliza muuzaji: mipira ni mipya? Pistoni je? Imepimwa? Utaandika dhamana kwenye risiti? Alipokubali kuandika, nikalipa.

Pedi nilinunua mpya, za kulia na kushoto kwa pamoja. Fundi alikataa katakata pedi zilizotumika, maana kazi ya pedi ni kulika na hujui aliyetangulia alikuachia kiasi gani. Tukabadilisha na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa taratibu. DOT 3 ikiwa mpya inapaswa kuhimili nyuzi joto 205 bila kuchemka. Ikishanyonya maji kiwango hushuka hadi karibu 140. Kwenye mteremko breki zikipata moto sana, mafuta yanachemka, yanatoa mvuke, pedali inazama mpaka chini. Hapo ndipo kamanda anaponipigia simu.

Kumbe breki hazifeli siku ile ya ajali. Zinaanza kufeli miezi kadhaa kabla, mezani dukani, mtu anapochagua kinachong'aa. Na ukiongeza mwendo kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza haiwi mara mbili, inakuwa mara nne.

Jumapili iliyopita nilimbembeleza mama mdogo, akakubali kupanda tena. Alikaa mbele, mkono mmoja umeshika mlango. Tulipovuka Ubungo aliuachia.

Siku nyingine kamanda akiniambia gari lilifeli breki, nitamuuliza swali la pili. Na wewe mwenye mkweche kama wangu: mara ya mwisho mafuta ya breki yalibadilishwa lini?