Takwimu kwenye ncha ya kidole

Sisi tuliofundisha hisabati miaka ya 70 na 80, somo la takwimu kwetu lilikuwa rula, penseli iliyochongwa vizuri na karatasi ya grafu. Mwanafunzi alichora mihimili yake mmoja mmoja, akafuta, akachora tena, na kengele ikalia kabla hajaulizwa grafu ile inasema nini. Wengi walimaliza kidato cha nne wakijua kukokotoa wastani, wasijue kwamba wastani unaweza kumpoteza mtu.

Juzi mjukuu wangu wa kidato cha pili alinionyesha GeoGebra kwenye kishikwambi, programu ya bure kwa shule ambayo Markus Hohenwarter aliianza huko Austria mwaka 2001. Alikuwa ameingiza dakika ambazo wenzake watano hutembea kwenda shuleni: 10, 15, 15, 20 na 25. Wastani ni 17. Akakigusa kidoti cha mwisho, akakivuta hadi 75, tuseme huyo anatoka kijiji cha mbali. Wastani ukaruka hadi 27 papo hapo. Namba ya katikati ikabaki 15.

"Babu, mbona hakuna hata mmoja anayetembea dakika 27?"

Swali hilo ndilo takwimu yenyewe. Kizazi chetu kilimaliza muda wake kwenye kuchora. Hiki kimepata nafasi ya kuuliza, nami nakifurahia kwa moyo wote.

Ila kuna jambo tulilolijua sisi. Kwenye sensa ya Tanzania ya mwaka 1978 walimu wengi tulikuwa makarani. Tulibisha hodi nyumba kwa nyumba, tukakaa na bibi asiyejua mwaka aliozaliwa, tukahesabu naye kuanzia njaa fulani au vita fulani mpaka umri ukapatikana. Tangu hapo sikuiona namba tena bila kujiuliza ni nani aliyeihesabu, na vipi.

Sensa ya mwaka 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, tukajulikana kuwa watu 61,741,120, kisha vishikwambi hivyo wakagawiwa walimu. Walimu vijana, msivifungie kabatini, wala msiwape watoto namba zilizokwisha pikwa. Watumeni kwanza bombani wakahesabu ndoo, sokoni wakaulize bei ya nyanya. Wakirudi, kishikwambi kikiwa kimoja, kizungushwe darasa zima, kila mtoto avute kidoti kwa mkono wake.